Kabla hujafunga kufuli: mwongozo kamili wa kuchagua stoo salama ya vyombo vya nyumbani Dar es Salaam

Mama alipohama Tabata kwenda kuishi na dada yangu Dodoma, vyombo vyake tuliviweka stoo. Tulidhani ni kwa miezi 2, ikawa 7. Siku tuliyokwenda kuvichukua, kitu cha kwanza kutupokea ni harufu, ile ya nguo iliyoanikwa ikakosa jua. Kabati lilikuwa limesimama vilevile tulivyoliacha, lakini dada alipolifungua mlango ulimbaki mkononi. Mgongo wake wa plaiwudi ulikuwa umeliwa mpaka umekuwa kama karatasi. Ndani kulikuwa na albamu ya harusi. Mama aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaingiza kucha taratibu chini ya picha moja, akavuta. Picha ilitoka, uso wa baba ukabaki kwenye plastiki.

Kufuli tulilikuta zima, wala hakuna mwizi aliyeingia.

Tangu siku hiyo nimesaidia ndugu na marafiki wengi kutafuta stoo: anayehamishwa kikazi, anayekwenda Muscat kwa mkataba wa miaka 2, aliyefiwa na hajui vyombo vya marehemu avipeleke wapi. Karibu wote huanza na swali moja: "Kuna mlinzi?" Ni swali zuri, ila ni la nne au la tano. Kwanza uliza kuhusu maji, kisha wadudu, kisha moto, kisha karatasi utakayosaini. Nitakupitisha hatua kwa hatua, kwa kuifuata Dar es Salaam ninayoijua.

Hatua ya 1: Jua unahifadhi nini, na kwa muda gani

Kabla hujapiga simu hata moja, pita chumba kwa chumba na daftari. Andika kila kitu kikubwa na vipimo vyake. Godoro la futi 5 kwa 6 ni kama mita 1.5 kwa 1.8. Kontena la futi 20 lina nafasi ya ndani ya urefu wa mita 5.9 hivi, upana 2.35 na kimo 2.39, yaani kama mita za ujazo 33. Nyumba ya kawaida ya vyumba viwili na sebule huingia humo ikipangwa na mtu anayejua kupanga. Kama mzigo wako wote unaenea kwenye kirikuu kwa safari mbili, huhitaji kontena zima, na usikubali kuuziwa nafasi ambayo hutaitumia.

Muda ndio unaobadilisha kila kitu. Miezi 2 ya kiangazi, karibu chumba chochote kikavu kitakufaa. Ukivuka masika, yaani Machi hadi Mei, unahitaji sehemu iliyokaguliwa hasa. Ukipitiliza mwaka, jiulize kwa uaminifu kama sofa ile inastahili. Piga hesabu: kodi ya mwezi mara idadi ya miezi, ongeza gari la kwenda na la kurudi, ongeza vijana wa kubeba. Mara nyingi kuuza friji na sofa kisha kununua vingine baadaye ni nafuu zaidi. Kinachobaki kuhifadhiwa ni kile kisichonunulika tena, na kwa mama kilikuwa kile kile tulichokitupa ndani ya kabati bila kufikiri.

Hatua ya 2: Fahamu aina za sehemu zilizopo

Dar kuna namna kama tano. Kuna makontena yaliyopangwa kwenye yadi, hasa pembezoni mwa barabara kubwa ambako viwanja bado ni vikubwa. Kuna maghala makubwa ya viwandani, maeneo kama Chang'ombe na kandokando ya Barabara ya Nyerere, ambako mwenye ghala hugawa sehemu au hupokea mzigo wako na kuuweka pamoja na wa wengine. Kuna kampuni za kuhamisha mizigo zinazofunga vyombo vyako zenyewe na kuviweka kwenye ghala lao. Hizi ni ghali, lakini ukisafiri ghafla zinakuondolea kazi kubwa. Kuna fremu za maduka zilizokosa mpangaji. Na kuna chumba cha ndugu.

Hapa kwenye chumba cha ndugu niseme kidogo, maana wengi wetu huanzia hapo. Mama mdogo akikwambia "leta tu mwanangu, chumba kipo," anakupa kwa moyo wake wote. Lakini mwezi wa tatu mgeni atakuja na kitanda chako kitatandikwa. Runinga itawashwa siku ya mechi. Shemeji ataazima jiko. Hakuna aliyekosa, vitu vinavyoonekana hutumika. Ukichagua njia hii, mwambie mapema, kwa heshima, ni vipi avitumie na vipi visiguswe. Na vile visiguswe vifungwe kwenye masanduku. Mimi huwashauri watu wamwachie ndugu friji na jiko avitumie kabisa kama shukrani, ndipo vingine vitapona. Friji linalotumika, kwa kweli, huzeeka vizuri kuliko lililofungwa gizani.

Hatua ya 3: Uliza ufunguo ni wa nani

Swali hili dogo lina uzito wa kisheria. Ukikodi chumba au kontena, ukaweka kufuli lako na ufunguo ukaondoka nao, umekodi nafasi. Mwenye yadi anaweza kusema, "Mimi sikujua ndani kuna nini, nilikupa chumba tu." Lakini ukikabidhi vyombo kwa orodha, naye akavipokea na kuvitunza kwa ufunguo wake, hapo umemkabidhi mali. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inamtaka aliyekabidhiwa mali ya mwenzake aitunze kwa uangalifu ule ambao mtu mwenye busara ya kawaida angeutumia kwa mali yake mwenyewe.

Njia zote mbili zinafaa. Hatari ni kutojua uko kwenye ipi. Sisi tulidhani tumekabidhi, kumbe tulikuwa tumepanga. Mwenye stoo ile, ambaye alikuwa mstaarabu kabisa, alitufungulia karatasi tuliyosaini na kutuonyesha mstari: "Mpangaji atawajibika na mali yake." Tulikuwa hatujausoma.

Ukitaka ufunguo ukae kwako, uliza pia kama mwenye eneo ana wa akiba na anaruhusiwa kuingia lini. Moto ukiwaka au bomba likipasuka ni lazima aweze kuingia. Lakini iandikwe: ataingia kwa dharura tu, mbele ya shahidi, na atakupigia simu siku hiyo hiyo.

Hatua ya 4: Fuata maji yanakokwenda

Jiji letu lina kumbukumbu ndefu ya maji. Desemba 2011 mafuriko ya bonde la Msimbazi yaliua watu na kuwaacha wengi bila makazi, na baadhi ya familia zikahamishiwa Mabwepande. Jangwani pamefunikwa na maji mara nyingi tangu hapo, hadi kituo cha mabasi ya mwendokasi kilichokuwa pale kikawa kinaingia maji mvua ikikolea. Basi usiangalie ukuta na geti peke yake. Simama barabarani, tazama ardhi inateremkia wapi. Je, eneo liko chini kuliko barabara? Barabara mpya ikijengwa huinuliwa, na yadi iliyokuwa tambarare hugeuka bakuli. Mtaro uko wapi? Una maji yanayotembea au umejaa taka na mchanga?

Kisha tazama kuta kwa chini, ndani na nje. Maji yakishaingia mahali huacha mstari, kama chai inavyoacha duara kwenye kikombe. Rangi mpya iliyopakwa nusu mita ya chini tu, huku juu ni ya zamani, ni jambo la kuuliza.

Njia bora kuliko zote ni kwenda siku ya mvua, au kesho yake asubuhi. Ukiwa unatafuta stoo Julai, mvua huna, basi waulize majirani. Mama ntilie aliye karibu na geti anajua maji yalifika wapi Aprili iliyopita, maana yeye ndiye aliyehamisha masufuria. Kunywa chai pale, zungumza naye. Vijana wa bodaboda kijiweni nao wanajua. Nimewahi kumwokoa rafiki na yadi moja nzuri sana ya macho kwa chapati mbili na maneno ya mama mmoja: "Hapa, baba, masika tunaingia na magongo."

Karibu na bahari, Masaki, Msasani, Kigamboni au Mbezi Beach, kuna adui mwingine, nao ni upepo wa chumvi. Bawaba, misumari, kufuli na mgongo wa friji huota kutu haraka. Kwa kuhifadhi muda mrefu, nenda ndani zaidi ya jiji kama unaweza.

Hatua ya 5: Ingia ndani, funga mlango, zima taa

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo iliyotuponza. Fika mchana jua likiwa kali. Mwache mwenzako nje ameshika mlango (usijifungie peke yako kwenye kontena hata kwa dakika moja), ingia, mlango ufungwe. Subiri macho yazoee giza. Sasa tazama juu. Kila kitundu kwenye bati kitang'aa kama nyota. Panapopita nuru patapita maji. Tazama pembe, tazama chini ya mlango na kwenye mpira wake.

Ukiwa bado humo ndani, vuta pumzi. Harufu ya uvundo kwenye chumba kitupu haitapungua ukijaza vitu. Weka kiganja ukutani, chini, kisha juu, ulinganishe ubaridi. Ukuta wenye unga mweupe unaobaki vidoleni kama chumvi unanyonya maji kutoka ardhini. Kwa sakafu ya saruji kuna kipimo rahisi: chukua kipande cha nailoni cha ukubwa wa trei, kibandike sakafuni kwa gundi ya utepe pande zote, kiache usiku kucha. Asubuhi kikiwa na matone kwa chini, sakafu inatoa unyevu, na godoro lako litaunywa. Mwenye stoo mzuri hatakukatalia kipimo hiki. Akikataa kwa hasira, umeshapata jibu.

Halafu mchwa. Pita na tochi ya simu kwenye makutano ya sakafu na ukuta, nyuma ya milango, kwenye fremu. Unatafuta vijia vyembamba vya udongo vinavyopanda kama mishipa. Kikwangue kimoja, kesho kutwa ukikikuta kimezibwa upya, wamo na wanafanya kazi. Uliza dawa ilipigwa lini na nani, na uone risiti. Panya huacha vinyesi pembeni na alama ya mafuta ukutani pale anapopita kila siku. Uliza pia jirani yako wa chumba cha pili anahifadhi nini. Akiwa ameweka magunia ya mahindi, utapata panya wake, dumuzi wake na vumbi lake, hata ukifunga vizuri namna gani.

Makontena yana tabia yake ya pekee. Mchana bati hupata moto mkali, hewa ya ndani hubeba unyevu wote uliomo kwenye mbao, nguo na maboksi. Usiku bati hupoa, na unyevu ule hugeuka matone kwenye dari kisha hudondoka. Watu wa bandari huita jasho la kontena. Ndiyo maana mtu hufungua kontena lisilo na tundu hata moja na kukuta vitu vimelowa. Chagua kontena lililo chini ya paa au kivuli, lililopakwa rangi nyeupe, lililoinuliwa juu ya matofali ili hewa ipite chini, na matundu madogo ya hewa ya juu pembeni yawe wazi. Nimeona watu wakiyaziba kwa gundi wakidhani wanazuia mvua.

Hatua ya 6: Sasa njoo kwa mwizi

Anza na komeo kabla ya kufuli. Kufuli la bei kubwa kwenye komeo lililofungwa kwa skrubu ambazo vichwa vyake viko nje halina kazi, maana kijana mwenye bisibisi atatoa komeo zima na kufuli likiwa bado limefungwa. Komeo liwe limechomelewa, au bolti zake zipite hadi ndani. Bawaba nazo zisiwe na pini inayochomoka kwa nje. Kwa kontena, fundi wa kuchomelea anaweza kuweka kisanduku cha chuma kinachofunika kufuli ili msumeno au mkasi wa chuma usifike. Ni kazi ya muda mfupi na gharama yake si ya kutisha. Kufuli lenyewe liwe na shingo nene na fupi, na funguo zake uwe nazo zote. Usinunue kwa kumtuma kijana wa hapo hapo yadi.

Mlinzi: ni mwajiriwa wa kampuni au wa mwenye eneo? Wako wangapi usiku? Kuna kitabu cha kuandika wanaoingia na kutoka, na je, kinaandikwa kweli? Fungua kurasa za nyuma. Ukikuta ukurasa mzima una kalamu moja na mwandiko mmoja ulioandikwa kwa mkupuo, kiliandikwa kwa ajili yako. Rudi saa 3 au 4 usiku bila taarifa, ukiwa na mwenzako, usalimie getini. Utajua taa zinawaka wapi na nani yuko macho.

Kamera za ukutani usizihesabu. Mwombe meneja akuonyeshe zilichorekodi Jumatano iliyopita saa 9 usiku. Wengi wanaweza kukuonyesha skrini ya sasa hivi. Wachache wanaweza kukupa Jumatano. Uliza kumbukumbu zinakaa siku ngapi kabla ya kufutwa na umeme ukikatika kamera zinaendeshwa na nini. Kumbukumbu za siku 7 hazimsaidii mtu anayekuja kutazama vyombo vyake mara moja kwa mwezi.

Na swali ambalo watu huona aibu kuuliza: pamewahi kuibiwa? Uliza kwa upole, kisha mwulize mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa swali hilo hilo. Sehemu iliyowahi kuibiwa ikakiri na kukuonyesha ilichobadilisha, naiamini zaidi kuliko ile isiyowahi kupatwa na lolote.

Hatua ya 7: Moto

Usiku wa Julai 10, 2021 Soko Kuu la Kariakoo liliungua, na wafanyabiashara waliona mali ya miaka mingi ikiisha kwa saa chache. Stoo ni chakula cha moto: magodoro, maboksi, mbao, plastiki, na hakuna mtu wa kuona moshi mapema.

Tazama nyaya. Zikiwa zimening'inia au zimeunganishwa kwa utepe, ondoka. Tafuta mitungi ya kuzimia moto, isome: sindano ya kipimo iwe kwenye kijani na kibandiko kionyeshe ilikaguliwa lini. Uliza cheti cha ukaguzi kutoka Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Angalia kama gari la zimamoto linaweza kupita getini na kugeuka, maana yadi nyingi zimejazwa makontena mpaka Canter inaingia kwa kinyumenyume. Angalia pia kinachofanyika ndani ya eneo. Karakana ya kuchomelea, fundi wa kupaka magari rangi, mama anayepikia kuni nyuma ya ghala: hawa ni watu wanaotafuta riziki yao, lakini cheche moja ikiruka inatosha. Namba ya zimamoto ni 114, na polisi 112.

Hatua ya 8: Karatasi

Dalali akikupeleka, usimlipe yeye kodi. Mdai akukutanishe na mwenye eneo au msimamizi mwenye barua. Biashara halali itakuwa na usajili wa BRELA, wakala wa kusajili biashara, namba ya mlipakodi na leseni. Lipa kwa benki au kwa simu kwa jina linalofanana na la kwenye mkataba, udai risiti ya EFD, ile inayotoka kwenye mashine ya kodi. Ule msemo wa TRA, mamlaka ya mapato, "ukinunua dai risiti," hapa unakulinda wewe kuliko serikali, kwa sababu siku ya mgogoro risiti ndiyo inayosema ulikuwa mpangaji.

Usilipe mwaka mzima mwanzoni hata ukipunguziwa. Lipa miezi 3, utazame masika yanakwendaje.

Mkataba usome nyumbani, umekaa. Kipengele cha kukitafuta kwanza ni kile cha kuchelewa kulipa. Baadhi ya mikataba humruhusu mwenye stoo kuuza vitu vyako baada ya muda fulani. Mtu akiwa Dubai, simu ikabadilika, miezi inapita, anarudi anakuta vyombo vimeuzwa kihalali kabisa. Omba iandikwe kwamba kabla ya hatua yoyote utapewa taarifa ya maandishi ya siku 30, na kwamba taarifa itatumwa kwa namba mbili, yako na ya mtu wako aliyeko hapa. Kingine ni kodi kupanda: lini, na kwa taarifa ya muda gani. Kingine ni saa za kuingia, kwani kuna maghala yanayofungwa Jumamosi mchana, na wewe siku yako ya nafasi ni Jumapili. Mwisho, kile kipengele cha "mpangaji atawajibika." Mara nyingi hutaweza kukifuta, lakini unaweza kuongeza mstari kwamba uharibifu unaotokana na paa, mabomba au umeme wa jengo ni wa mwenye jengo. Sijaona mtu mwaminifu aliyekataa mstari huo.

Ukiwa nje ya nchi, mwachie ndugu barua ya uwakilishi iliyothibitishwa na wakili, itaje wazi kwamba anaweza kufungua, kukagua na kutoa vitu. Bila hiyo, hata mtoto wako wa kumzaa anaweza kuzuiwa getini.

Hatua ya 9: Bima

Mwenye ghala akisema "tuna bima," muulize bima ya nini. Kwa kawaida ni ya jengo lake. Vyombo vyako vinahitaji yako. Nenda kwa kampuni au wakala aliyesajiliwa na TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania, na umweleze kwamba vitu haviko nyumbani bali stoo, sehemu fulani, kwenye kontena au jengo. Ukinyamaza, bima ya nyumba inaweza isifuate vyombo huko vilikokwenda.

Uliza mambo matatu: mafuriko yamo? Wizi usioacha alama ya kuvunja umo? Unyevu na wadudu wamo? La mwisho mara nyingi halimo, ndiyo maana hatua ya 5 huwezi kuiachia bima. Na usitaje thamani ndogo ili ulipe kidogo. Vitu vya milioni 12 ukivikatia bima ya milioni 6, hasara ya milioni 4 ikitokea unaweza kulipwa milioni 2 tu, kwa hoja kwamba ulikata bima ya nusu.

Hatua ya 10: Siku ya kupeleka

Visivyokwenda stoo: hati ya nyumba, vyeti, pasipoti, dhahabu, fedha, mtungi wa gesi, petroli, chakula cha aina yoyote. Jenereta litolewe mafuta yote. Betri za sola na inveta zitafutiwe mahali penye mtu. Picha za familia zipigwe picha kwa simu au kwenye skana, kisha albamu yenyewe ikae nyumbani kwa mtu, juu ya kabati, penye hewa.

Friji lizimwe siku mbili kabla, likaushwe, mlango uachwe umetenganishwa kidogo kwa kitambaa, na kipande cha mkaa ndani kwa ajili ya harufu. Mashine ya kufulia imwagwe maji yote, na mpira wake pia. Runinga isimame wima, isilazwe. Godoro lianikwe juani kutwa, livikwe shuka safi. Ukilifunga nailoni likiwa na jasho la usiku, unafungia ukungu. Nguo zifuliwe bila kutiwa wanga, maana wanga huita wadudu.

Andika namba kwenye kila boksi, pande mbili, na kwenye daftari andika kilichomo. Kwenye boksi lenyewe usiandike "vyombo vya udongo" wala "spika", weka namba tu. Piga picha ya kila kitu cha umeme pamoja na namba yake ya kiwandani. Orodha itoke nakala tatu: moja kwako, moja kwa msimamizi, moja kwa ndugu, zote zikiwa na saini na tarehe.

Ndani, hakuna kinachogusa sakafu wala ukuta. Tandika mapaleti ya mbao yaliyokaguliwa mchwa, au matofali na mbao juu yake. Acha nafasi ya kiganja na nusu hadi ukutani na njia ya kupita katikati, ili anayekuja kukagua afike nyuma. Sisi tulisukuma kabati hadi likagusa ukuta tukijipongeza kwamba limekaa vizuri.

Baada ya hapo

Mtu aende mara moja kwa mwezi, na mara mbili wakati wa masika. Afungue, asubiri dakika 10 hewa ibadilike, apite na tochi, apige picha za pembe nne na kukutumia. Nusu saa inatosha, na ndiyo ambayo hatukuitenga.

Siku ya kutoa, usisaini kwamba umepokea vyote salama kabla hujahesabu. Vijana wa gari watakuharakisha, jua litakuwa kali, msimamizi atasema anataka kufunga. Hesabu tu. Lisilofunguliwa liandike kwenye karatasi: "boksi namba 7 halijakaguliwa." Kitu cha mbao kikaguliwe uani kabla ya kuingia nyumba mpya, kikiwa na mchwa hai, kibaki nje hadi kipigwe dawa. Godoro lipate jua siku mbili.

Na ukikuta picha za zamani za studio zimeshikana, usizivute zikiwa kavu. Zipige picha kwanza jinsi zilivyo, hata kupitia plastiki. Halafu, kama ni zile zilizosafishwa kutoka kwenye filamu, si za kuchapwa na printa, jaribu na moja usiyoijali sana: iloweke kwenye maji safi ya baridi kwa dakika 20 au 30, kisha itenganishe polepole ikiwa majini na uilaze ikauke kivulini, uso ukitazama juu. Jambo hili tulilijua wiki mbili baadaye. Zilikuwa zimebaki picha 9, na 6 kati yake zilitoka nzima.